Intavyuu ya kwanza ya kazi ya duka: mwongozo kamili kwa vijana wa Unguja na Pemba

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne ikimalizika Novemba, vijana huanza kupita madukani Darajani na Mlandege wakitafuta kazi ya kushika huku wakisubiri matokeo. Wengine huja kabla ya Ramadhani, maduka ya nguo yanapoongeza watu kwa ajili ya sikukuu. Mimi nauza vitambaa kwa mwaka wa 14 sasa, na tajiri wangu, yaani mwenye duka, huniweka pembeni yake anapowasaili. Nawaona watoto wenye adabu na akili wakikosa kazi kwa makosa yale yale, na inaniuma, maana hakuna aliyewaambia kinachoangaliwa.

Kinachoangaliwa ni kimoja. Tajiri anapokutazama anajiuliza: "Ikiadhiniwa adhuhuri, naweza kumwachia huyu duka nikaenda kusali, nikarudi nikakuta kila kitu kiko sawa?" Hatua zote zilizomo humu ni za kumfanya ajijibu ndiyo.

## Vitu vya kutayarisha kwanza

- Nakala mbili za cheti cha kuzaliwa. Ukiwa umefika miaka 18, na nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa sheha wako.
- Nakala ya cheti cha kumaliza skuli, au cha kidato cha pili kama hicho kingine hakijatoka.
- Jina na namba ya simu ya mdhamini mmoja au wawili.
- Bahasha ngumu ya kutilia hayo yote yasikunjike.
- Kidaftari na kalamu inayoandika.
- Nguo moja safi iliyopigwa pasi, na viatu vya kufunika vidole.
- Nauli ya kwenda na kurudi, iliyochenjiwa tangu jana yake.
- Noti na sarafu za kufanyia mazoezi nyumbani: elfu kumi, elfu tano, elfu mbili, elfu moja, mia tano, mia mbili na mia. Kama hazipo, kata karatasi uziandike.

Anza siku tano kabla. Barua ya sheha peke yake inaweza kukula siku mbili ukimkosa nyumbani.

## Hatua ya 1: Lijue duka kabla hujaitwa ndani

Pita dukani mara mbili au tatu kama mteja, kwa nyakati tofauti: asubuhi wanapofungua, baada ya adhuhuri, na jioni baada ya laasiri ambapo watu wamejaa. Nunua hata kitu cha shilingi mia tano ukiweza.

Angalia mambo haya. Wanauza nini hasa? Bei zimebandikwa au ni za kupatana? Wateja ni kina mama wa mjini, wanafunzi, watu wa shamba walioshuka na daladala, au watalii? Pesa inapokewa na muuzaji mwenyewe au kuna mtu mmoja anayekaa kwenye droo? Wanatoa risiti namna gani?

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba suali la kwanza au la pili huwa, "Kwa nini umekuja kwetu?" Kijana asiyejua duka linauza nini hujibu, "Natafuta kazi tu." Hapo amekwisha kujitoa.

Kama ni duka la kanga, jifunze maneno yake. Kanga huuzwa kwa doti, yaani mbili pamoja. Mteja akikwambia "nipe hiyo nyekundu", atakuuliza "ina jina gani?" Hataki jina la kiwanda, anataka maneno yaliyoandikwa pale chini. Simama mbele ya kanga kumi uyasome majina yake kwa sauti mpaka yasikukwame mdomoni. Nimemwona msichana akipewa kazi palepale kwa sababu bibi mmoja aliingia wakati wa usaili, akauliza jina, na yeye alikuwa karibu na rafu. Alilisoma taratibu na kwa sauti safi, kisha akaikunjua doti ili bibi auone mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, vizuri. Tajiri hakuuliza suali jingine.

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi tatu za kweli kuhusu duka hilo bila kufikiri: linauza nini, wateja wake ni nani, na wewe utafaa wapi.

## Hatua ya 2: Makaratasi na mdhamini

Mdhamini ni mtu anayekubali kusema "huyu namjua". Baba na mama hawatoshi peke yao, kwani kila mzazi humsifu mwanawe. Maalim wako wa chuoni, yaani chuo cha Kurani, anafaa sana. Mwalimu wa skuli anafaa. Jirani mwenye biashara anafaa kuliko wote, kwa kuwa tajiri na yeye huenda wanajuana.

Nenda mwenyewe ukamwombe, usimpigie simu tu. Mwambie ni duka gani na atapigiwa lini. Yameshatokea mbele yangu: tajiri kapiga simu, mdhamini kajibu, "Nani? Simkumbuki," na kijana amekaa pale pale anasikia.

Tahadhari: toa nakala tu. Cheti cha asili mtu anaweza kukiangalia, kisha unarudi nacho nyumbani. Na yeyote anayekutaka utoe pesa ya fomu au ya sare kabla ya kuanza kazi, ondoka.

## Hatua ya 3: Tengeneza maelezo yako

"Haya, tuelezee habari zako." Hapa ndipo wengi wanapozama. Mmoja atataja ukoo wake wote tangu Makunduchi. Mwingine ataangalia chini aseme, "Mimi kazi yoyote nafanya."

Hilo la pili nililisema mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka 17, katika duka moja la viatu. Nilidhani naonyesha unyenyekevu. Mwenye duka akaniambia, "Mwanangu, mimi sina kazi yoyote. Nina kazi ya kuuza viatu." Nikarudi nyumbani nikilia njia nzima.

Huna kazi uliyowahi kuandikwa, lakini kuna vitu umefanya. Kaa na kidaftari chako ujiulize:

- Nimewahi kuuza chochote? Vitumbua vya mama, juisi za futari, vocha, embe za bustani ya babu?
- Nimewahi kushika pesa za watu? Michango ya timu, ya darasa, ya chuoni, ya safari ya skuli?
- Nimewahi kuaminiwa funguo? Za darasa, za stoo, za nyumba ya jirani?
- Kuna kazi ninayoifanya kila siku bila kukumbushwa?

Chagua mawili, kisha uyaseme kwa idadi na kwa mfano. Tazama tofauti:

*"Nilikuwa namsaidia mama biashara."*

*"Mama anapika maandazi. Tangu nipo kidato cha kwanza nayapeleka mimi maduka matatu kabla ya skuli. Naandika kila duka limechukua mangapi, na jioni nakusanya pesa. Zikipungua tunajua siku ileile ni wapi."*

Msichana wa maneno ya pili ameonyesha kuamka mapema, kuandika, kushika pesa na kusema ukweli, bila kutaja hata moja kati ya hayo kwa jina. Maneno kama "mimi ni mwaminifu na mchapakazi" kila mtu anayasema, na hayana uzito wowote mbele ya mtu aliyewahi kuibiwa na mfanyakazi.

Maelezo yako yasizidi dakika moja na nusu: jina, unakokaa, elimu, mambo mawili uliyofanya, na kwa nini duka hili. Yafanyie mazoezi mbele ya mtu mzima. Kaka zako watakucheka, kwa hiyo tafuta shangazi au khaloo mwenye subira.

Jambo moja kuhusu sauti. Sisi tumelelewa kuinamisha macho na kushusha sauti mbele ya wakubwa, na hiyo ni heshima, usiiache. Lakini duka la Darajani lina feni, honi na watu. Muuzaji asiyesikika hawezi kuuza. Toa salamu yako kwa adabu zote, kisha maelezo yako yasikike mpaka mlangoni. Mwambie huyo shangazi akae upande wa pili wa ua akusikilize kutoka huko.

Utajua umefaulu mtu aliyekusikiliza akiweza kukurudishia mambo yako mawili bila kukuuliza tena.

## Hatua ya 4: Hesabu ya chenji

Matajiri wengi hawaulizi hesabu zako za skuli. Wanakuwekea vitu mezani na kukupa noti. Kijana mwenye alama nzuri ya hisabati anaganda, kwa vile amezoea karatasi.

Njia ya wauzaji ni kuhesabu kwa kupanda. Mtandio ni 12,000, pini ni 700, jumla 12,700. Mteja katoa 20,000. Usifanye hesabu ya kutoa kichwani. Weka mia tatu useme "elfu kumi na tatu", weka elfu mbili useme "kumi na tano", weka elfu tano useme "ishirini". Mkononi mwake zimo 7,300, na yeye amehesabu pamoja nawe, kwa hiyo hakuna ugomvi.

Noti ya mteja iache juu ya kaunta mpaka chenji imepokewa. Ukiitia kwenye droo mapema, mtu anaweza kusema alikupa elfu kumi, na wewe umepokea elfu tano, na huna cha kuonyesha. Ukifanya hivi mbele ya tajiri bila kuambiwa, atanyamaza, lakini ameona.

Fanya mazoezi haya kila jioni kwa siku tano:

- Vitu vitatu: 3,500, 4,200 na 1,800. Umepewa 10,000. (Chenji ni 500.)
- Kitambaa cha 6,000 kwa mita, mita mbili na nusu. (15,000.)
- Kitambaa cha 8,000 kwa mita, mita tatu na robo tatu. (30,000.)
- Gauni la 35,000, tajiri kasema punguza asilimia 10. (31,500.)

Kuhusu malipo ya simu, ujue neno moja tu litakalokutofautisha na wengine: ujumbe unaohesabika ni ule unaoingia kwenye simu ya duka. Mteja akikuonyesha simu yake kwamba ametuma, mwambie kwa upole, "Ahsante, nasubiri uingie kwetu." Kuna watu wanatembea na ujumbe wa uongo. Na uulize risiti inatolewaje, kwani Mamlaka ya Mapato Zanzibar inataka mteja apewe risiti ya kielektroniki.

Utajua umefaulu ukirudisha chenji mara kumi mfululizo bila kosa huku mtu anakusemesha.

## Hatua ya 5: Masuali yenye mtego

Usikariri majibu. Elewa tajiri anaogopa nini, jibu litakuja lenyewe.

"Umefunga hesabu jioni, elfu tano haipo. Utafanya nini?" Anaogopa kufichwa. Wengi hujibu, "Nitalipa mwenyewe." Linasikika zuri, lakini maana yake utafunika jambo asilijue. Jibu: "Nitahesabu tena mara moja, nitaangalia risiti, kisha nitakwambia usiku huohuo kabla hatujafunga."

"Ndugu yako kaja, anataka umpunguzie." Mji huu ni mdogo, na Chake Chake au Wete ni mdogo zaidi. Kila mtu ni shangazi au ami wa mtu. Usidai kwamba utamkatalia shangazi yako kwa ukali, hakuna atakayekuamini. Sema: "Nitamwambia, 'Shangazi, bei si yangu, subiri nimuulize tajiri.'" Hujavunja udugu na hujaliza duka.

"Mteja kakasirika, anapiga kelele." Sikiliza mpaka amalize, usibishane, mwombe radhi kwa usumbufu, na kama jambo ni la kurudisha pesa, mwite mkubwa.

"Matokeo yakitoka utaniacha?" Sema kweli. "Nikipangiwa skuli nitakwenda, lakini nitakwambia wiki mbili kabla, na nitamwelekeza atakayeshika nafasi yangu." Watoto wengi huapa kwamba hawataki tena kusoma. Tajiri hafurahi kusikia hivyo, na mzazi wako pia.

"Unataka mshahara kiasi gani?" Kabla ya kwenda, waulize vijana wawili wanaofanya kazi maduka ya jirani wanalipwaje. Ukijua hivyo, jibu: "Duka lina kiwango chake kwa anayeanza, ningependa kukijua kwanza." Akikitaja, unaweza kupima.

Kwa maduka ya Mji Mkongwe, Shangani na Hurumzi, utaulizwa lugha. Sema unachokijua kweli. Kiingereza cha kuuzia kinatosha kwa kuanzia: karibu, bei yake hii, imetengenezwa hapa, saizi nyingine ipo. Ukisema unajua Kitaliano na unajua salamu tu, mtalii wa kwanza atakayeingia atakuumbua.

## Hatua ya 6: Nguo na mwili

Msichana: buibui au gauni la heshima, mikono isiburure, mtandio umefungwa kwa pini usihitaji kurekebishwa kila dakika. Mvulana: shati la kuchomekea na suruali, nywele fupi. Kanzu na kofia ni sawa kabisa ukiitwa Ijumaa. Piga pasi usiku wa jana yake, maana umeme ukikatika asubuhi utavaa makunyanzi.

Kata kucha na uzisugue. Kucha yenye ncha hukwaruza shifoni na hariri, na tajiri wa vitambaa huangalia vidole kabla ya uso. Hina iliyokauka haina tatizo. Manukato yawe kidogo, duka lina hewa nzito tayari.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwanza saa. Soma mara mbili ujumbe ulioitiwa. Kijana mmoja aliandikiwa "10:00" akaja saa kumi jioni, amependeza, na bahasha yake mkononi. Tulimsubiri saa nne asubuhi. Wenye maduka wengi huandika saa kwa mtindo wa simu, sisi tunasema kwa Kiswahili. Jibu ujumbe: "Ahsante, ni saa nne asubuhi, sivyo?"

Ukitoka Bububu, Fuoni au Uwanja wa Ndege, panga kufika nusu saa kabla. Daladala husubiri kujaa, na mvua ya masika hufunga njia. Ukifika mapema usiingie. Kaa kwenye baraza ya karibu, kunywa maji, futa viatu.

Mzazi akikusindikiza, mwombe abaki nje. Akiingia atajibu yeye masuali yako, nia yake njema, lakini tajiri hataweza kukusikia wewe.

Zima simu. Ingia, toa salamu kwa wote, shikamoo kwa mkubwa, sema jina lako na kwamba umeitwa. Kama kuna wateja, sogea pembeni usubiri bila kuegemea rafu.

Mteja akiingia katikati ya mazungumzo, nyamaza na umpishe. Akiangusha kitu, kiokote. Tajiri wangu huwa ana tabia ya kuondoka kidogo na kumwacha kijana peke yake kwa dakika tano. Wanaokaa wakichezea simu ni wengi. Anayemwambia mteja aliyeingia, "Karibu, mwenyewe anakuja sasa hivi," huyo anakumbukwa.

Usilolijua, sema, "Hilo sijalijua, nikifundishwa nitajifunza." Kisha nyamaza.

## Hatua ya 8: Na wewe uliza

Ukiulizwa kama una suali, usiseme huna. Toa kidaftari, uliza haya na uyaandike majibu:

- Naanza saa ngapi na natoka saa ngapi? Ijumaa je? Ramadhani je?
- Siku za majaribio ni ngapi, na zinalipwa?
- Mshahara hutolewa tarehe ngapi?
- Pesa ikipungua, utaratibu ni upi?

Maduka ya nguo hukesha siku za mwisho za Ramadhani. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumpa kazi za kumdhuru. Uliza waziwazi nani atakurudisha nyumbani usiku, na uwaambie wazazi jibu lake.

Tahadhari kubwa: usaili hufanyika dukani, mchana, milango wazi. Ukiambiwa uende nyumbani kwa mtu, hotelini, au urudi peke yako baada ya duka kufungwa, usiende. Waambie wazazi na sheha. Hakuna kazi ya duka inayohitaji hilo.

## Hatua ya 9: Baada ya kutoka

Siku hiyo hiyo jioni tuma ujumbe mmoja:

*"Asalaam alaykum. Mimi ni (jina), niliyekuja leo saa nne. Ahsante kwa muda wako. Niko tayari kuanza siku utakayosema."*

Kisha acha. Usipige simu kila asubuhi. Zikipita siku saba kimya, pita dukani mara moja, asubuhi kabla ya wateja, usalimie na uulize. Ukiambiwa nafasi imeshachukuliwa, uliza jambo moja: "Nilipungukiwa wapi?" Wengi watakwambia kweli, na utakuwa na siku kadhaa za kulirekebisha kabla ya duka linalofuata.

Ukiitwa kwa majaribio, njoo na chakula chako na maji. Siku ya kwanza omba ufundishwe kupima kitambaa au kupanga rafu, na kila bei unayoambiwa iandike kwenye kile kidaftari. Jioni, kabla ya kuondoka, muulize tajiri atafungua saa ngapi kesho, uwe umeshasimama mlangoni.